Kurudi Kwenye Mtihani wa Kidato cha Nne Ukiwa Mtu Mzima: Kata Woga Vipande Vipande

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likitangaza matokeo ya kidato cha nne, maswali huanza kumiminika, na mengi hayatoki kwa vijana waliofanya mtihani huo. Yanatoka kwa mlinzi wa getini, fundi cherehani, mama mwenye genge, karani aliyekwama cheo kimoja miaka nenda rudi, binti aliyeacha shule kwa ujauzito. Maneno hutofautiana, swali ni lile lile: "Nilifeli, au sikumaliza. Sasa ni mtu mzima. Nataka cheti, lakini kila nikitaka kuanza naogopa. Nianzie wapi?"

Sitakwambia ujiamini. Hilo umeshaambiwa na kila mtu, na bado umekaa. Ushauri wangu ni mmoja: usisubiri woga uishe ndipo uanze. Kigawe unachokiogopa mpaka ubakiwe na kipande kidogo kisichohitaji ushujaa wowote. Kifanye hicho, kisha ushike kinachofuata.

Taratibu nitakazozitaja ni za Tanzania. Msomaji wa Kenya, ambako mtihani kama huu unasimamiwa na KNEC, atabadilisha majina ya taasisi. Hatua zenyewe zitamfaa.

Taja unachokiogopa kwa jina lake

"Naogopa kusoma" ni maneno mapana mno, huwezi kuyatafutia dawa. Chukua karatasi, andika unachokiogopa hasa. Wengi wataona orodha yao inafanana na hii, na kila mstari una tendo lake dogo:

- Naogopa kuonekana. Yaani jirani au mfanyakazi mwenzako akukute umekaa na vijana wa miaka kumi na minane. Tafuta kituo cha masomo ya jioni kilicho mbali kidogo na mtaa wako, na uwaambie watu wawili tu unaowaamini.
- Naogopa Kiingereza. Fungua karatasi moja ya mtihani wa zamani na upigie mstari maneno usiyoyajua. Usijibu chochote. Hesabu maneno tu.
- Naogopa Hisabati. Soma sehemu ya Hisabati hapa chini kabla ya kuamua kwamba huiwezi.
- Naogopa kufeli tena. Toa cheti au matokeo yako ya zamani uyatazame. Watu wengi wanaogopa matokeo ambayo hawajayaangalia kwa makini tangu siku yalipotoka.
- Naogopa kupoteza hela. Usilipe popote mpaka ujue unahitaji masomo mangapi. Huenda ni machache kuliko unavyodhani.
- Naogopa mwenzangu atasemaje. Hilo lina sehemu yake hapa chini, kwa sababu limewavunja wengi kuliko Hisabati.

Ukishaandika, weka namba: 1 kwa kinachokutisha kidogo, na kuendelea. Utaanza na namba 1. Kikubwa kuliko vyote kitasubiri, na kikifikiwa kitakukuta una mazoea.

Pima lengo kabla ya kulibeba

Kosa la kwanza la wanaorudi ni kusema "narudia kidato cha nne" kana kwamba lazima wabebe miaka minne yote kwa mkupuo. Hesabu kwanza.

Kwenye mtihani huu alama 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Kila daraja la somo lina pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Masomo saba uliyofanya vizuri zaidi hujumlishwa:

- Pointi 7 hadi 17: daraja la kwanza
- Pointi 18 hadi 21: daraja la pili
- Pointi 22 hadi 25: daraja la tatu
- Pointi 26 hadi 33: daraja la nne
- Pointi 34 na 35: sifuri

Sasa itazame sifuri yako. Mwenye F saba ana pointi 35. Mwenye D moja na F sita ana 34, bado sifuri. Lakini mwenye D mbili ana 33, na huyo ni daraja la nne. C moja peke yake, na F sita, nayo inafika 33. Na mwenye D saba ana 28. Kati yake na daraja la tatu pamebaki D tatu zigeuke kuwa C.

Kisha jiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu:

1. Nakitakia nini cheti? Chuo, kupandishwa cheo, kidato cha tano, au heshima yangu mwenyewe? Majibu yote ni halali, ila kila moja lina kipimo chake.
2. Huko ninakokwenda wanataka nini hasa? Kozi nyingi za astashahada zinaomba walau D nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Kozi za afya hutaja masomo ya sayansi kwa majina. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Usitegemee maneno ya binamu aliyesoma zamani.
3. Tayari nina nini? Tuseme una D ya Kiswahili, ya Uraia na ya Historia, na kozi yako inataka D nne za somo lolote. Umebakiza somo moja. Umekuwa ukiogopa mlima ambao sehemu kubwa ulishaipanda.

Tahadhari: kama utarudia masomo machache, kiulize chuo mapema, kwa maandishi ikiwezekana, kama kinapokea vyeti viwili vya miaka tofauti. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hapa anaweza kupoteza mwaka mzima.

Jua mlango wako

Njia si moja, na kuingilia mlango usio wako kunakula muda.

- Ulishafanya kidato cha nne. Wewe ni wa kurisiti. Utajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia masomo unayoyahitaji.
- Hukuwahi kusoma sekondari, au uliishia njiani. Uliza kuhusu Mtihani wa Maarifa, ambao watu huuita QT. Unapima kiwango cha kidato cha pili, na ukiufaulu ndipo unafunguliwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.
- Unataka kufundishwa, hutaki kujisomea peke yako. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, inaendesha elimu ya sekondari kwa njia mbadala mikoani. Vipo pia vituo binafsi vya jioni.
- Uliacha shule kwa ujauzito au sababu nyingine na bado u kijana. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi kwenye mfumo rasmi. Nenda shuleni au ofisi ya elimu ya wilaya ukaulize kabla ya kujihesabu kuwa wa mlango wa nyuma.
- Una ufundi mkononi tayari. Kama unachotaka ni karatasi ya kuthibitisha useremala, uashi, upishi au ufundi magari, waulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Huenda kidato cha nne si mahitaji yako hata kidogo.

Ngazi saba, kuanzia isiyotisha

Hapa ndipo wengi hurukia juu. Mtu aliyekaa miaka kumi na mitano bila kushika kitabu anajisajili masomo saba, analipa, ananunua madaftari, na wiki ya tatu haonekani. Panda hivi:

1. Tazama cheti chako. Andika masomo na madaraja yake kwenye karatasi moja.
2. Pakua karatasi moja ya mtihani wa zamani ya somo ulilolipenda shuleni. Isome yote. Weka alama ya vyema kwenye swali lolote unaloweza kusema chochote juu yake. Watu hushangaa: miaka ya kazi, ya kusikiliza redio na ya kufuatilia habari imewafundisha Uraia na Jiografia bila wao kujua.
3. Piga simu kituoni. Huna haja ya kutaja jina. Uliza mambo matatu: masomo ya jioni huanza saa ngapi, ada ni kiasi gani, usajili unafunguliwa lini. Ukimaliza, shukuru ukate.
4. Pita ukaangalie. Nenda jioni moja kama mzazi anayemuulizia mtoto, ukipenda. Tazama darasa, taa, choo, na sura za wanafunzi. Utakuta watu wazima wenzako.
5. Kaa kipindi kimoja. Vituo vingi vitakuruhusu kusikiliza mara moja kabla ya kulipa. Kama hawataki, hilo nalo ni jibu.
6. Jibu nusu ya karatasi nyumbani, kwa saa, bila daftari. Mpe mwalimu asahihishe. Alama yoyote utakayopata, hata 12, ni mahali pa kuanzia, na ni afadhali kuijua leo kuliko Novemba.
7. Jisajili.

Kila ngazi ifanye mpaka ikuchoshe kidogo. Ukiona moyo bado unadunda kwenye ya tano, rudi uifanye mara ya pili. Usirudi ya kwanza.

Jambo dogo linalosumbua wengi kwenye ngazi ya tano: mwalimu anaweza kuwa na umri wa mdogo wako, na wanafunzi wenzako watakuamkia. Waitikie "marahaba" na uendelee. Mwalimu naye mwite mwalimu, umpe heshima ya kazi yake. "Habari za kazi, mwalimu" inatosha kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na baada ya vipindi vichache hakuna atakayeukumbuka umri wako.

Kata somo mpaka litoshe dakika arobaini

Somo ni kubwa. Mada ni ndogo. Kipande cha mada ndicho kinachokaa ndani ya siku ya mtu mwenye kazi na watoto.

- Andika mada zote za somo kwenye ukurasa mmoja. Uzipate kwenye muhtasari wa somo, usizitoe kichwani.
- Pitia mitihani ya miaka mitano ya nyuma, uweke alama kila mada inapojitokeza. Zinazojirudia ndizo za kuanza nazo.
- Kila mada ikate vipande vya dakika arobaini: dakika ishirini na tano kusoma, kumi na tano kujibu swali moja kwa kalamu.
- Chagua muda mmoja usiogombaniwa na mtu. Kwa wengi ni alfajiri kabla nyumba haijaamka. Kwa mlinzi wa zamu ya usiku ni mchana baada ya kulala.
- Siku tano kwa wiki zinatosha. Ya sita ni ya kufidia, ya saba pumzika.

Vitabu si lazima vikugharimu sana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Maktaba za mikoa zina meza, utulivu na ada ndogo. Na kwenye tovuti ya NECTA kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka. Humo wameweka mifano ya majibu mazuri na mabaya ya watahiniwa wenyewe, na kueleza kwa nini moja lilipata alama na jingine likakosa. Anayefanya mtihani peke yake hana mwalimu mzuri wa bure kuliko huyo.

Kiingereza na Hisabati

Ukiacha Kiswahili na masomo machache, karatasi zimeandikwa kwa Kiingereza. Habari njema ni kwamba Kiingereza cha mtihani ni kidogo kuliko Kiingereza cha dunia. Anza na maneno ya kuamuru, maana ndiyo yanayowapotezea watu alama:

- mention, list: taja tu. Ukieleza unapoteza muda.
- define: toa maana, sentensi moja au mbili.
- explain, describe: taja hoja, kisha uieleze. Hoja tupu hupata nusu au pungufu.
- differentiate: onyesha tofauti pande zote mbili, hoja kwa hoja.

Kisha kila mada uliyosoma iandikie maneno kumi ya Kiingereza yanayoibeba, na sentensi moja fupi kwa kila neno. Sentensi fupi iliyo sahihi inapata alama. Ndefu iliyopinda inamchosha msahihishaji.

Kuhusu Hisabati, somo hili limekuwa likishika mkia kwa ufaulu kwa miaka mingi, kwa hiyo woga wako una sababu. Lakini tazama karatasi yenyewe ilivyopangwa katika mitihani ya miaka ya karibuni: maswali 14, kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. D inaanzia 30. Maswali matano ya sehemu A ukiyajibu kikamilifu, umefika. Hivyo usijifunze Hisabati yote:

- Chagua mada sita au saba tu: seti, takwimu, uwiano pamoja na faida na hasara, mfuatano wa namba, uwezekano, matrisi.
- Kama umewahi kuuza duka, ongeza uhasibu. Leja na mizania ya majaribio hujitokeza mara kwa mara sehemu B, na wewe umeshika daftari la mauzo miaka yote hiyo.
- Swali moja lifanye mara tatu kwa siku tofauti, bila kuangalia jibu, kabla ya kwenda jipya.
- Onyesha njia. Jibu likikosewa, njia iliyo sawa bado huokoa alama.

Kalenda ya mwaka mmoja

- Septemba hadi Desemba: ngazi ya kwanza hadi ya sita. Weka akiba ya ada ya usajili kidogo kidogo.
- Januari na Februari: usajili. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa mwanzoni mwa Januari, na wanaochelewa hulipa na faini. Utaratibu hupitia kituo cha mtihani na mtandao wa NECTA, na malipo ni kwa kumbukumbu namba utakayopewa. Ada na tarehe hakikisha kwenye tangazo la mwaka huo. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.
- Machi hadi Julai: mada moja baada ya nyingine. Karatasi kamili moja kila mwisho wa mwezi.
- Agosti na Septemba: mitihani ya nyuma kwa saa, na mtihani wa majaribio kituoni.
- Oktoba: hakuna mada mpya. Rudia zile ulizo nazo. Omba likizo kazini sasa, usingoje wiki ya mtihani.
- Novemba: mtihani.

Kumbuka jambo moja linalokutofautisha na mwanafunzi wa shule: yeye anaingia na alama za maendeleo alizokusanya darasani. Mtahiniwa wa kujitegemea anapimwa kwa karatasi ya mwisho peke yake. Ndiyo maana kufanya mitihani ya majaribio kwa saa si hiari kwako.

Kama unachukua Fizikia, Kemia au Biolojia, uliza kabla ya kujisajili kama kituo kina maabara. Mtihani wa vitendo hausomwi kwa daftari.

Nyumbani na kazini

Mwenzako wa ndani anaweza kuwa na woga wake: kwamba hela ya chakula itaenda kwenye ada, au kwamba ukipata cheti utamdharau. Ukimwambia "nimeamua kusoma" umemfungia mlango. Mwambie mambo mahususi:

- "Nitakuwa narudi saa tatu usiku, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hadi Novemba."
- "Ada ni kiasi hiki, nitaitoa kwenye hela ya upatu wangu."
- "Jumapili ni yenu, sigusi daftari."

Kisha uzitimize hizo Jumapili. Ahadi ya nyumbani ikivunjika mara mbili, kila saa ya kusoma itageuka ugomvi.

Watoto wape kazi: wakuulize maswali kutoka kwenye daftari lako. Mtoto wa kidato cha pili anayemsahihisha mama yake naye anasoma.

Kwa bosi, usiombe ruhusa ya mwaka mzima. Omba kubadilishana zamu kwa siku mbili za wiki, na utaje mwezi wa mtihani mapema. Kama huna uhakika atapokeaje, subiri uwe na miezi miwili ya mahudhurio mazuri kituoni, ndipo useme.

Epuka matapeli

Woga humfanya mtu anunue njia ya mkato. Jihadhari na hawa:

- Anayeuza "mtihani uliovuja". Ama ni tapeli, ama atakuingiza kwenye udanganyifu utakaokufutia matokeo.
- Anayehakikisha ufaulu. Hakuna kituo chenye uwezo huo. Uliza kilisajili watahiniwa wangapi mwaka jana, kisha utazame matokeo ya kituo hicho kwenye tovuti ya NECTA. Yako wazi kwa kila mtu.
- Anayetaka umpe hela taslimu ya usajili "akushughulikie". Dai namba ya malipo ya serikali na uhakikishe jina lako limeonekana kwenye orodha.
- Anayeuza cheti. Aprili 2017 Serikali ilitangaza watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaamriwa kuondoka kazini. D yako halali ni salama zaidi ya A ya kununua.

Na jambo moja lisilo utapeli lakini linaumiza: mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu. Kabla ya kununua madaftari ya mitumba, uliza kituoni watahiniwa wa mwaka wako watapimwa kwa muhtasari upi.

Makosa yanayojirudia

1. Kusajili masomo saba wakati unahitaji mawili.
2. Kuanza na somo unaloliogopa kuliko yote. Anza na unaloliweza, upate ushindi mdogo mapema.
3. Kunakili daftari la mtu kwa kalamu za rangi na kuita hiyo ni kusoma.
4. Kutangaza kwa ukoo mzima. Kila salamu itakuwa "masomo yanaendeleaje?", na ukikwama utaanza kuwakwepa watu.
5. Kukosa wiki moja na kuamua mwaka umeharibika.
6. Kujilinganisha na kijana asiye na mtoto wala kodi ya nyumba.

"Lakini mimi…"

*"…nimezeeka."* Kimani Maruge wa Eldoret, Kenya, alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure. Sikuombi uwe Maruge. Nakuuliza tu una miaka mingapi, na mtihani ujao utakukuta na miaka mingapi usipoufanya.

*"…nimesahau kila kitu."* Umesahau majina na fomula. Hukusahau kusoma, kuandika, wala kupanga hoja. Ngazi ya pili itakuonyesha.

*"…nilishajaribu mara mbili."* Basi usijaribu kwa namna ile ile. Uliza: nilisajili masomo mangapi, nilifanya karatasi ngapi kwa saa, nani alinisahihisha? Mara nyingi jibu la swali la tatu ni "hakuna", na hapo ndipo pa kurekebisha.

*"…sina muda kabisa."* Wiki hii andika saa unazotumia kwenye simu na kwenye mpira. Kama kweli hazipo dakika arobaini mara tano, ahirisha mwaka mmoja kwa makusudi, na utumie mwaka huo kwa somo moja tu.

*"…nikifeli tena watanicheka."* Ndiyo sababu uliwaambia watu wawili tu. Na ukifeli somo moja kati ya mawili, umebakiza moja.

Siku mambo yakivurugika

Yatavurugika. Mtoto ataugua, zamu itabadilishwa, msiba utatokea kijijini. Kuwa na mpango wa siku mbaya tangu mapema:

- Siku ngumu: dakika kumi, swali moja, basi.
- Wiki ngumu: kipindi kimoja cha kufidia siku ya sita. Usijaribu kulipa vyote.
- Mwezi mgumu: punguza somo moja kwenye mpango wako. Usiache yote.

Woga ukirudi, na utarudi, hasa Oktoba, fungua ile karatasi ya kwanza uliyosahihishiwa. Weka pembeni ya karatasi ya mwezi huu. Tofauti ya alama hizo mbili ina nguvu kuliko maneno ya kutia moyo.

Kazi ya wiki hii

- Jumatatu: andika orodha ya unavyoviogopa, uipe namba.
- Jumanne: toa cheti, hesabu pointi.
- Jumatano: soma masharti ya kozi au kazi unayoitaka.
- Alhamisi: andika masomo unayohitaji kweli. Futa mengine.
- Ijumaa: pakua karatasi moja, uweke alama za vyema.
- Jumamosi: zungumza na mwenzako, au na mmoja wa wale watu wawili.
- Jumapili: pumzika, na uandike namba ya simu ya kituo utakachopigia kesho.

Ikifika Jumapili umefanya matatu tu, usianze upya Jumatatu. Endelea na la nne.